Sahani ya vyumba vinne: miezi mitatu mezani na watoto wawili

Kwa miezi mitatu sasa familia yangu imekuwa ikitumia seti ya vyombo vya kulia vya watoto, ambayo boksi lake linaahidi kwamba mtoto ataipenda mboga bila kubembelezwa. Ndani yake mna sahani mbili za melamini, aina ya plastiki ngumu, zilizogawanywa kwa kuta fupi katika vyumba vinne, vikombe viwili vyenye mistari ya vipimo, kijitabu cha kurasa 32, na bango la kubandika ukutani lenye karatasi tatu za stika za nyota. Watumiaji ni binti yangu wa miaka 7, ambaye hula karibu kila kitu lakini kwa mwendo wa kinyonga, na mdogo wake wa miaka 4, ambaye tulipoinunua seti hii alikuwa amesusa kila chakula cha kijani na alikuwa anaelekea kususa cha manjano. Jina la mtengenezaji naliacha kando, kwa kuwa seti za namna hii ni nyingi, zinafanana kwa ubora na kwa kasoro, na nitakayoyasema yatamfaa mnunuzi wa yoyote kati ya hizo.

Niseme mapema kwamba ahadi ya kwenye boksi haikutimia kama ilivyoandikwa. Mwanangu hakuipenda mboga kwa sababu ya sahani. Aliyebadilika kwanza ni mimi, ninayepakua chakula karibu kila jioni, na mabadiliko yake yeye yalikuja polepole nyuma ya yangu.

Mgawanyo wa vyumba haukubuniwa na mtengenezaji huyu. Mwaka 2011 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliachana na piramidi ya vyakula, iliyokuwa ikifundishiwa lishe tangu 1992, ikaweka mchoro wa sahani mahali pake, na mwaka huohuo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard wakachora sahani yao yenye masharti makali zaidi kuhusu nafaka, mafuta na vinywaji. Michoro yote miwili inakubaliana katika jambo kuu, kwamba mboga na matunda vijaze nusu ya sahani, mboga zikizidi kidogo, na nusu iliyobaki igawanywe baina ya nafaka na vyakula vya protini kama maharage, samaki, mayai au nyama. Hayo nilikuwa nayajua kwa miaka mingi, na bado nilipakua kwa mazoea ya mkono. Siku ya kwanza nilichota wali kama kawaida yangu, chumba cha nafaka kikajaa, na mwiko ukabaki na wali mwingi kuliko nilioupakua. Mboga nilikuwa nimezoea kuweka vipande vinne vya karoti pembeni ya sahani kama pambo. Ndani ya chumba kikubwa kuliko vyote, vipande hivyo vilionekana kama wageni waliowahi mno kufika ukumbini. Nilirudi kwenye sufuria nikaongeza. Hakuna kijitabu wala mhadhara uliowahi kunirudisha kwenye sufuria.

Kwa kuwa nina mizani ya jikoni na udadisi usio na tiba, nilipima. Chumba cha mboga kikijaa bila kufurika kilibeba gramu 75 za karoti zilizopikwa, na chumba cha matunda gramu 55 za chungwa lililomenywa. Milo miwili ya namna hiyo inatoa gramu 260. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linapendekeza mboga na matunda visipungue gramu 250 kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kuanzia miaka 10. Kwa mdogo, basi, kipimo kinatimia hata kabla ya tunda la alasiri, lakini kwa dada yake linabaki pengo la gramu 90 ambalo seti haina la kulifanya, kwani sahani zote mbili ni za ukubwa mmoja ingawa boksi linasema zinafaa kuanzia miaka 2 hadi 10. Hayo, bila shaka, ni mahesabu ya kilichopakuliwa. Kilichobaki kwenye sahani nilikipima pia wiki ya kwanza, kisha nikaacha kwa ajili ya amani ya nafsi yangu.

Faida ya pili ya vyumba niliiona kwa mwanangu, na hii ilihitaji subira. Woga wa vyakula vipya huwa mkali zaidi kati ya miaka 2 na 6, na tafiti za ulaji wa watoto zinaonyesha kwamba mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kimoja mara 8 hadi 15, pengine zaidi, kabla hajakikubali. Tatizo la nyumbani ni kwamba chakula kilichokataliwa mara tatu hakipikwi tena, kwa sababu mpishi naye ana moyo. Chumba kilicho wazi kilinilazimisha kuweka kitu, nami nikaamua kuweka njegere tano kila jioni, bila neno, pamoja na mboga aliyokuwa tayari anaila. Jioni ya kwanza alizisukuma hadi ukutani kwa ncha ya kijiko. Jioni ya nne alizihesabu. Jioni ya saba alimega moja kwa meno ya mbele, akaichungulia ndani, akairudisha chumbani kwake. Jioni ya kumi na moja alikula mbili huku akitusimulia habari nyingine kabisa, na mimi na mama yake tukayakodolea macho maharage yetu kana kwamba hatukuona chochote.

Kuta hizohizo zina ubaya wake. Mtoto anayebagua chakula hupenda vitu visigusane, na sahani hii inampa haki ya kudai hivyo kila siku. Jioni moja nilipopakua maharage yenye rojo nyepesi, kijana alishtuka, akaniita, "Baba, mchuzi umeruka ukuta!" na akagoma kula wali uliolowa. Baadaye alianza kuikataa hata supu nzito ya mboga na nyama, ambayo zamani aliila, kwa hoja kwamba ndani yake kila kitu kimechanganyika. Vyakula vingi vizuri vya familia hupikwa katika chungu kimoja, na mtengenezaji hakuvifikiria hata kidogo, wala kijitabu hakisemi mzazi afanye nini. Sisi tuliamua kwamba siku za chakula cha mchanganyiko ni siku za bakuli, na sahani za vyumba hubaki kabatini. Ilichukua wiki mbili supu kurudi katika hadhi yake.

Bango la nyota ndilo linaloiharibu seti. Kanuni yake ni kwamba kila chumba kikiisha mtoto hubandika nyota moja, na akifikisha nyota kumi hupewa kitindamlo. Kwa siku tano mambo yalikuwa kama kwenye picha za boksi. Siku ya sita nilizikuta njegere tatu ndani ya kitambaa cha mezani, zikiwa zimekunjwa kwa ustadi ambao sikujua mwanangu anao. Lililonitia wasiwasi zaidi lilimhusu dada yake, ambaye hakuwa na shida na mboga tangu awali. Alikuwa ameinamia sahani, kijiko mkononi, ametulia kwa muda. Nilipomuuliza kama anaumwa, alijibu, "Hapana, Baba, nimeshiba, ila imebaki nyota moja." Mtoto aliyekuwa anajua kushiba alikuwa ameanza kula kwa ajili ya karatasi.

Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, alipendekeza miaka mingi iliyopita mgawanyo wa majukumu ambao wataalamu wengi wa lishe ya watoto wanaufuata hadi leo: mzazi anaamua chakula gani kitaliwa, saa ngapi na wapi, na mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Bango hili linageuza mgawanyo huo juu chini, kwa kuwa linamlipa mtoto kwa kumaliza kiasi ambacho mtu mwingine alikipima. Tena linakifanya kitindamlo kuwa mshahara, na mboga kuwa kazi ya kuupata mshahara huo. Sijui mtoto gani, akishafundishwa hesabu hiyo, angeipenda kazi kuliko mshahara. Kwa haki niongeze kwamba zipo tafiti zilizoonyesha kwamba stika inayotolewa kwa kuonja kipande kidogo tu inaweza kumsaidia mtoto anayeogopa mboga fulani. Tulijaribu njia hiyo kwa wiki moja, nyota kwa kuonja na si kwa kumaliza, na kwa mdogo haikudhuru. Kwa dada yake tuliliondoa bango kabisa, na siku ya tatu aliacha vijiko viwili vya wali akashuka kwenye kiti bila kuniangalia usoni. Nilifurahi.

Kijitabu kina kurasa nzuri na kina kurasa ambazo mhariri makini asingezipitisha. Nzuri ni zile zinazohimiza familia kukaa mezani pamoja, simu na televisheni zikiwa zimezimwa, watu wazima wakila chakula kilekile wanachowapa watoto, na watoto wakishirikishwa kuosha mboga na kuchambua maharage. Ukurasa wa 11 unaonyesha viazi katika chumba cha mboga. Viazi ni chakula kizuri, lakini wingi wa wanga wake unavifanya viwe jirani wa nafaka, na sahani ya Harvard inasema waziwazi kwamba havihesabiwi kama mboga kwa sababu ya jinsi vinavyopandisha sukari ya damu. Mzazi akiufuata ukurasa huo atakuwa na wali chumba hiki na viazi chumba kile, na ataamini nusu ya sahani ni mboga. Ukurasa wa 19 ni wa hatari zaidi: kuna picha ya zabibu nzima katika chumba cha matunda, chini yake maneno "kuanzia miaka 2". Zabibu nzima ni miongoni mwa vyakula vinavyojulikana sana kwa kumkaba mtoto mdogo, kwa kuwa ni za mviringo, zinateleza, na zinaziba njia ya hewa sawasawa; mtoto wa chini ya miaka 5 anapaswa kukatiwa kwa urefu, vipande vinne kila moja, na karanga nzima asipewe kabisa. Nilimwandikia mtengenezaji kuhusu picha hiyo. Nilijibiwa kwa shukrani na kuponi ya punguzo.

Vikombe vina mistari mitatu, na kando ya kila mstari kuna picha ndogo: tone la maji, ng'ombe, na chungwa. Chungwa linawakilisha juisi, na mstari wake ndio wa juu kuliko yote, jambo ambalo kwa watoto wanaojua kusoma picha ni mwaliko. Mwongozo wa sukari wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, na sukari iliyomo katika juisi ya matunda na asali inahesabiwa humo hata kama hakuna aliyeongeza kijiko. Kwa mtoto anayekula kilokalori 1,400 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 35, na kopo moja la soda la mililita 330 linakaribia kuzimaliza peke yake. Hapa kwetu mstari wa chungwa umekuwa mstari wa maji, na chungwa lenyewe linaliwa likiwa na nyama yake.

Kuhusu uimara sina malalamiko makubwa. Sahani zimeanguka sakafuni mara nyingi bila kupasuka, rangi haijapauka, na kitako cha mpira kinazizuia kuteleza mezani. Pembe ambako kuta zinakutana na sakafu ya sahani hushika mabaki na zinataka brashi ndogo. Melamini haifai kuingizwa katika maikrowevu, onyo ambalo kijitabu kimelitia kwa herufi ndogo ukurasa wa mwisho ilhali lilistahili kuchapwa chini ya sahani yenyewe, kwa sababu mtu mwenye haraka ya kupasha chakula cha mtoto hasomi ukurasa wa 32.

Mzazi mwenye mtoto wa miaka 3 hadi 6 ningemshauri anunue sahani peke yake, kama muuzaji anakubali kuitenga na bango. Mwenye mtoto mkubwa zaidi hahitaji kununua kitu, kwani sahani ya kawaida na jicho lililokwisha kuzoea mgawanyo vinatosha. Binti yangu amekwisha kuhamia huko. Anajipakulia mwenyewe, anaanza na mboga kwa sababu, kwa maelezo yake, ndizo zinazohitaji nafasi kubwa, na anaongeza akitaka. Bango liko nyuma ya kabati, na karatasi ya mwisho ya nyota imeishia kwenye daftari za shule. Mdogo bado ana sahani yake ya vyumba. Njegere anakula. Spinachi iko jioni ya sita.