Domino kwenye miguu iliyotanuka: namba zake sizisomi tena

Domino yangu, ile DF 500 ya Festool, mashine ya mkono ya kutoboa matundu ya kuungia mbao, niliipata kupitia ndugu yangu anayeishi Uingereza. Imeshatumika, lakini haijachoka. Nilimsisitiza jambo moja tu: iwe ya volti 240, maana kule zimo pia za volti 110 za kazi za ujenzi, na hiyo ukiichomeka hapa Chake Chake utabaki kunusa harufu.

Kwa matundu yaliyonyooka sina neno. Biti inazunguka huku ikienda kushoto na kulia. Unasukuma taratibu, linatoka tundu refu la kutia ulimi, yaani kile kijiti bapa kinachoshika mbao mbili, unapaka gundi, basi. Kazi ya patasi ya asubuhi nzima naimaliza kabla chai haijapoa.

Shughuli ni pembe. Mteja wa Wete aliagiza viti 6 vya mninga, miguu imetanuka ubavuni kwa digrii 10, imeshikana moja kwa moja na ubao wa kukalia. Kile kibao cha mashine kinachoinama kina vituo vyake: 0, 22.5, 45, 67.5 na 90. Mie nilitaka 80, yaani 90 kutoa zile 10 za mguu, na hapo hakuna kituo. Nikasoma mistari kwa jicho, nikakaza, nikatoboa miguu yote ya kiti cha mwanzo.

Ami yangu, fundi tangu enzi za randa za mkono, akakikalia, akanyanyuka. "Mwanangu, hichi kiti kinacheza msewe." Msewe ni ngoma yetu ya Pemba; alikuwa anasema kiti kinayumba.

Kupima, kumbe nimepotea digrii 1. Ndogo, eti? Kwa mguu wa sm 45, kule chini inakuwa karibu mm 8.

Siku hizi nikikata kichwa cha mguu kwenye msumeno wa meza, kipande kilichobaki sikitupi. Hicho ndicho kipimo changu, kwa sababu kimekatwa na msumeno uleule kwa pembe ileile. Nalegeza kibao, naingiza kipande kati yake na uso wa mashine, naelekeza dirishani. Mwanga ukipenya hata kama uzi, bado. Ukiziba, nakaza, halafu naangalia tena, maana kule kukaza huweza kukisogeza. Kisha natoboa mbao mbovu kwanza.

Kibao hakivuki 90. Kwa hiyo kilaze upande ule ambao kichwa cha mguu kimechongoka. Nililaza upande wa pili mara moja, mguu mzima wa mninga ukaenda jikoni kuwa kuni. Sikwambii uchungu wake.

Kina cha tundu naweka mm 20 kila upande kwa ulimi wa mm 8 kwa 40. Bomba la kunyonya vumbi ni lazima, la sivyo unga unajaa tunduni na ulimi haufiki mwisho.

Lawama yangu ni ndimi zenyewe. Ni za mti wa Ulaya, na masika yakiingia zinavimba mpaka hazipiti bila nyundo. Naziweka ndani ya kopo la maziwa lenye mchele mkavu, na zikinishinda nachonga zangu kwa vipande vya mvule.

Viti 6 vimeshakwenda Wete. Kile cha msewe kipo karakanani, ami ndiye anakikalia, ametia kadibodi chini ya mguu mmoja.