Uzoefu wangu wa kuishi Tawa, Edmonton: mtaa unaoitwa Karibu, ukipiga hodi hauitiki

Natoa nyota moja kati ya tano. Nikimaliza kuandika huenda zikawa mbili, sijui, maana hasira zangu hupanda na kushuka kama maji ya bamvua.

Ukitaka kujua shule ziko ngapi, nyumba zinauzwaje na mjini ni dakika ngapi, waulize madalali. Sijawahi kumwona dalali aliyekosa neno zuri la kusema. Mimi nimekuja kuzungumzia kengele. Kengele moja tu, ya mlango mmoja.

Kwa wasiopajua, Tawa ni kipande cha Mill Woods, na Mill Woods ni kama mji ndani ya mji, kusini-mashariki mwa jiji la Edmonton, Kanada. Watu wake ni kama laki moja, wengi wa kipato cha kati: manesi, madereva wa malori, mafundi umeme, walimu, watu ambao mkopo wa nyumba utaisha wakiwa na mvi. Zamani palikuwa mashamba. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na waliopanga mtaa wakazipinda barabara makusudi ili magari yasikatize mbio katikati ya nyumba. Wazo zuri kwenye karatasi. Ila mtu mgeni akizungushwa kona tatu tu, hajui tena kibla kiko wapi.

Juu ya hapo kuna habari ya namba. Nyumba zetu ni zile za safu, ukuta mmoja watu wawili. Safu zote za uwanja mmoja zina namba moja ya barabarani, halafu kila mlango una namba yake ndogo. Uwanja unaofuata una rangi ileile, mapaa yaleyale, na milango midogo yenye namba zilezile. Kwa hiyo namba 47 yako ipo, na namba 47 ya mwenzako ipo vilevile, na zote zimefunikwa theluji.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa Desemba, au Januari mwanzoni, tarehe nimeisahau lakini baridi sijaisahau: nyuzi 30 chini ya sifuri. Tulikuwa hatujamaliza hata wiki mbili tangu tuhamie. Nimetoka kazini, nikashuka kituo cha mwisho cha treni ya Valley Line, ile iliyofunguliwa Novemba 2023 baada ya kuchelewa karibu miaka mitatu (watu wa hapa wanausimulia ucheleweshaji ule kwa uchungu kweli, mtu wa kwetu aliyezoea kusubiri kivuko cha Pangani anabaki kuwatazama tu). Jua lilishazama zamani. Miezi ile jua huzama kama saa kumi na robo jioni, alasiri hujaisali vizuri. Natoa simu niangalie ramani, simu imezima. Betri za huku hufa kwa baridi kama samaki waliotolewa majini. Nikasema si kitu, mimi mtoto wa Tanga, nimetembea Ngamiani usiku bila taa, njia nitaipata.

Sikuipata. Nilizunguka labda dakika ishirini, labda arobaini, masikio yakawa si yangu tena. Njia nzima hakuna mtu. Hakuna duka la Mangi, hakuna muuza kahawa, hakuna hata mbwa wa kukubwekea ujue kuna uhai. Taa zinawaka ndani, televisheni zinamulika kwenye mapazia, nje ni mimi na theluji inayolia kwichi kwichi chini ya viatu. Mwisho nikaona mlango wenye namba 47. Nikajua si kwangu, maana pazia si letu, lakini nikasema hawa ni majirani, nitauliza njia.

Nikabonyeza kengele. Kikawaka kiduara cha taa ya bluu. Hapana mlango uliofunguliwa, hapana pazia lililosogezwa. Kengele yenyewe ikaniambia: "Hatununui kitu. Ondoka."

Kengele! Nikainama, nikaisemesha kwa adabu zote, samahani, nimepotea, naomba kuelekezwa tu, simu yangu imezima. Ikakaa kimya kidogo, ikasema: "Uso wako umesharekodiwa."

Hapo ndipo nyota nne zilipoondoka.

Nimelelewa hivi: ukifika mlangoni kwa mtu unapiga hodi mara tatu. Usipoitikiwa, unarudi ulikotoka wala huweki kinyongo, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kutoitikia. Lakini akiitikia, ameshakupokea. Hakuna kuitikia nusu. Sijawahi kusikia mtu anapigiwa hodi akajibu "nimeuhifadhi uso wako". Nyumbani hata mdai unamwambia karibu kwanza, halafu ndiyo unajificha chumbani na mtoto anatumwa kusema baba hayupo.

Nilifikaje kwangu? Nililiona gari letu, limechomekwa waya wa umeme kama simu inayochajiwa (ndiyo, magari ya huku huchomekwa usiku ili injini isigande). Lilikuwa safu ya pili kutoka pale nilipofukuzwa. Yaani yule alikuwa jirani yangu. Angesema tu "nyuma yako". Neno hilohilo tu.

Kuanzia siku ile nikauchukia mtaa mzima, na sitaki kujifanya nilikuwa na haki. Nikachukia gereji zinazotangulia mbele ya nyumba, mtu anaingia na gari, mlango wa gereji unashuka nyuma yake, basi, kamezwa, hutamwona hadi kesho. Nikachukia kuzoa theluji kwa beleshi alfajiri ili asiyepita asiteleze. Nikawachukia mbwa waliovaa makoti. Mke wangu akasema, "Baba Salma, umegombana na kengele, mbwa wamekukosea nini?"

Kilichonichoma zaidi nilikijua baadaye. Mitaa mingi ya Mill Woods ina majina ya Kikree, lugha ya Wakree, wenyeji wa asili wa huku, na Tawa kwa Kikree ni neno la kumkaribisha mgeni: ingia, nafasi ipo. Karibu! Nikacheka peke yangu jikoni. Maana sisi wa pwani tunalo neno lilelile. Bibi yangu akisema fulani ametawa, maana yake amejifungia ndani, haonani na watu, hata dirishani humwoni. Nikasema basi, hawa jina wamelichukua kwa Wakree, maana wakaichukua kwetu.

Na hao Wakree wenyewe wako wapi? Eneo lote hili lilikuwa ndani ya ardhi iliyotengewa watu wa Papaschase, kundi moja la Wakree, waliojiunga mwaka 1877 na Mkataba namba 6, ule wa wenyeji wa asili na serikali. Mwaka 1888 ardhi ile ikahesabiwa imeachiwa serikali, kwa saini za watu watatu. Watatu! Hata kiwanja cha urithi kule kwetu Pongwe hakiuziki kwa saini tatu, lazima shangazi mmoja atokee na kesi. Halafu mtu aliyejenga juu ya ardhi ya namna hiyo ananiuliza mimi, kupitia kitundu cha kamera, natafuta nini mlangoni kwake.

Nilimweleza mkasa huu mama mmoja wa makamo anayekaa mlango wa pili kwetu, Mfilipino, nesi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema ni kweli watu wamejifungia, lakini wenyeji wa zamani walimsimulia habari za tarehe 31 Julai 1987. Siku hiyo kimbunga kilipita upande wa mashariki wa Edmonton, kikagusa ukingo wa Mill Woods, kikaua watu 27. Eti siku ile watu waliingia vyumba vya chini vya nyumba wasizozijua, hakuna aliyeuliza jina. Alikuwa ananifariji, najua. Mimi nikamwuliza, kwa hiyo nisubiri kimbunga ndiyo nielekezwe njia? Hakucheka. Kesho yake akatuletea sahani ya tambi za kukaanga. Nikaona aibu. Lakini nyota ikabaki moja.

Sasa nifike mahali ambapo habari yangu inaharibika.

Mwaka uliofuata, kipindi cha jua, mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga. Kiangazi cha huku ni kitu kingine kabisa, Juni jua linazama saa nne usiku, watoto wanalia hawataki kulala kwa sababu nje ni mchana. Mama hakuelewa habari za kengele. Akifika mlango wowote anasimama hatua mbili nyuma, anapaza sauti: "Hodi! Hodi jamani!" Nikamwambia mama, hawaelewi. Akasema, "Wasielewe nini? Mtu akiita mlangoni, mbwa tu ndiye asiyeelewa."

Na wetu ukigongwa anafungua. Kila mtu. Waliokuja na vitabu vya dini walikaribishwa, wakanywa chai ya tangawizi, wakasikilizwa lugha wasiyoijua kwa saa nzima. Kijana aliyekuja kuuza huduma ya kusafisha mabomba ya hewa ya moto alitoka na maandazi manne kwenye mfuko. Mke wangu akaanza kuogopa, kusema kweli hata mimi. Nikafanya jambo ambalo nilikuwa sitaki kuliandika hapa. Nilinunua kengele yenye kamera. Ndiyo. Ninayo. Nikiwa kazini nafungua simu naangalia nani yuko mlangoni kwa mama yangu.

Ndivyo nilivyogundua kwamba mama hayupo. Mlango umefungwa, saa nzima hakuna mtu. Nikapiga simu nyumbani, haipokewi. Nikaomba ruhusa, nikarudi mbio, nikazunguka mtaa mzima moyo uko kooni, hadi nikafika mitaa ile ya nyumba kubwa kubwa, nikasikia sauti ya mama yangu akicheka. Imetoka kwenye gereji.

Gereji iko wazi, gari limetolewa nje. Ndani wamepanga viti vya kukunja, meza ya karata, birika. Wazee wa Kisikh kama sita na vilemba vyao, na mabibi watatu kando, na katikati yao mama yangu, kanga mbili juu ya sweta, ameshika kikombe. Mzee mmoja akageuka, akanitazama, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Karibu, kijana. Huyu mama ni wako? Sisi tulidhani ni wetu." Kumbe alizaliwa Kisumu, baba yake alikuwa fundi wa reli. Hajazungumza Kiswahili, alisema, tangu mkewe afariki.

Hiyo ni baraza. Sina jina lingine la kuipa. Zile gereji nilizokuwa nazilaani kwamba zinameza watu, likiwaka jua watu wanatoka mdomoni mwake na kukaa. Mimi nilikuwa nimehamia wakati wa baridi, mlango umeshuka, nikahukumu. Mama aliniuliza mbele yao wote, kwa sauti: "Mwaka mzima umekaa hapa hujui Makalasinga wako wapi? Sasa chapati unanunua wapi?" Nilikuwa nanunua mbali. Wakati 34 Avenue, hatua chache kwa gari, kuna maduka ya Kihindi yenye bamia, dengu, unga, tui la nazi, na buchani nyama ya mbuzi yenye mifupa wanayokukatia kwa msumeno huku wanakuuliza habari za nyumbani. Siku hizi Jumamosi yangu iko huko.

Kwa hiyo nyota tatu. Uwanja wa barafu wa jumuiya ya mtaa, ambao watoto wangu wameanguka juu yake mara mia na hawataki kutoka, naongeza nusu. Maktaba ya Mill Woods, ambayo mtu anaruhusiwa kukaa ndani kutwa nzima kujipasha joto bila kuulizwa anatafuta nini, naongeza nusu nyingine. Zinakuwa nne, naona mkono unaanza kutetemeka.

Kwa sababu jana tu nimepita pale tena. Natembea na Salma, theluji ya kwanza imeanguka, nyepesi. Tumefika usawa wa ule mlango, hatujasimama, hatujageuka, na kile kiduara cha bluu kikawaka. Kimetuona. Salma akakipungia mkono. Tukangoja kidogo, hakikusema kitu.

Nyota mbili na nusu. Na wewe uliye ndani, kama unasoma Kiswahili au una mtu wa kukusomea: sikuwa nauza chochote. Nilikuwa natafuta namba 47, na iko nyuma yako.