TAHADHARI: Anayeuza misumeno ya nakshi ya mezani hapa Tanga ni tapeli

Jamani mnaojifunza useremala, yule bwana wa Ngamiani anayejitangaza kuuza mashine za nje za kukatia nakshi, mkimbieni. Kanila laki nne na ishirini kweupe.

Kuna watakaoniuliza, "kwani hukukagua?" Nilikagua! Nilifika bandani kwake baada ya laasiri, kanivutia kiti, kaniletea maji ya baridi, kila neno "shehe wangu". Mashine iko mezani imefutwa inang'aa. Akaiwasha, kisha akatoa sarafu ya mia mbili akaisimamisha wima juu ya meza ya mashine, karibu kabisa na bledi inayopanda na kushuka. Sarafu ikasimama tuli! Hizi mashine ugonjwa wake ni mtikisiko: ikitetemeka, mstari unayumba na bledi zinakatika ovyo. Kwa hiyo nilipoiona ile sarafu moyo ukatulia.

Akanipa kipande cha plaiwudi nikate mwenyewe. Nikachora ua kwa penseli, nikalizungusha taratibu, kila kona inakubali, ubao unakatika kama mkate wa kumimina. Ukingo laini, hautaki hata msasa. Halafu akanifundisha kukata nakshi za ndani: unatoboa tundu kwa drili, unafungua bledi upande wa juu, unaipitisha tunduni, unaifunga na kuikaza, ndipo unawasha. Na ni kweli ndivyo inavyofanywa, hakukosea hata neno. Mtu anayeijua kazi namna ile nani angemdhania mwizi? Nikamtumia hela kwa simu palepale. Akanibebea mwenyewe mpaka kwenye bajaji, na dua juu.

Nyumbani nikachomeka ukutani. Ikapiga yowe, bledi ikaruka vipande viwili, moshi ukatoka kwenye matundu ya mota, nyumba nzima ikanuka waya ulioungua. Mama anapiga kelele jikoni, "zima meni swichi!" Watoto wa jirani wamejaa mlangoni wanaangalia. Aibu niliyoipata siwezi kuisimulia.

Shemeji, yule fundi umeme, akaifungua. Koili nyeusi tii. Kwenye mota ndani imeandikwa 120V, mashine ya Marekani hiyo! Umeme wetu ni 230V. Sasa kule bandani iliwakaje? Waya wake haukwenda ukutani. Ulishuka chini ya meza ukaingia kwenye turubai la bluu, na humo mlikuwa na kitu kinaunguruma, nikadhani ni friji la banda la pili. Kumbe transfoma ya kushusha umeme! Kaificha makusudi, anajua fika mnunuzi akiichomeka nyumbani anaunguza, na bado akanisindikiza kwa dua. Huyu hastahili huruma ya mtu yeyote. Afungwe, mali yake iuzwe, kila aliyemliza arudishiwe chake. Na msiniambie habari za kusamehe.

Hata bledi za akiba alizoniuzia ni wizi mwingine. Mashine ile inashika bledi zenye vijipini ncha zote mbili. Alizonipa ni nyoofu tupu, hazina pa kushikia.

Nampigia, hapatikani. WhatsApp kanibloku. Banda limefungwa kufuli, majirani wanasema hawamjui kwao. RB ya polisi ninayo.

Dalili zake, kwa harakaharaka: plagi mpya kabisa kwenye waya wa zamani. Kile kibati cha nyuma kinachoonyesha volti kimekwanguliwa, juu yake stika ya "230V" imebandikwa upande. Risiti hana, aliniandikia kwenye boksi lililochanwa. Na ukimwambia uchomeke soketi nyingine anabadili maneno. Mashine za Japani nazo ni 100V, kwa hiyo asikudanganye kwamba ya Japani haina tatizo.

Kama umeshanunua kwake na hujaiwasha, usichomeke! Fundi umeme aifungue kwanza asome volti kwenye mota. Ikiwa ni 120 au 100, ukipata transfoma inayohimili wati zake utaiokoa, yangu ndiyo imeshakwenda. Na anayejua alikohamia aniandikie inboksi leo hii, usiku wowote, nitakuja na askari.