Jini ya Krismasi Mwanza: chupa tatu, gazeti na hotpoti ya barafu

Mwangaluka wapendwa! Najua, najua. Saa nne asubuhi na mezani zimepangwa chupa tatu za jini. Msianze kunisema. Umeme upo, na huku kwetu Isamilo umeme ukiwepo unafanya kazi yako kwanza, maelezo baadaye. Nyuma yangu mnaliona ziwa, mnayaona mawe yetu, na lile wingu jeusi kule mbali ndilo litakalotunyeshea mchana. Kwa hiyo twende chapchap.

Ila kabla sijasahau. Juzi nampigia shangazi simu, namwambia, "Shikamoo shangazi, Krismasi hii njoo, naandaa jini." Kimya. Nikadhani salio limeisha. Halafu nasikia sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, umeenda kwa mganga gani?" Basi tuelewane mapema. Ukinisikia nasema "jini hii", ni ya chupa. Siku nikisema "jini huyu", zima simu ukimbie.

Haya. Mmeniuliza sana: dada, kwa sikukuu ninunue jini ya bei au hii ya kawaida? Nikasema sitajibu kwa maneno matupu. Nilichukua Gordon's, nikachukua Gilbey's, nikachukua na Konyagi yetu. Sasa hapo kwenye Konyagi wapo watakaonirukia kwamba hiyo si jini. Sawa. Chupa imeandikwa asilimia 35, na kwa sheria za Ulaya kinywaji hakiitwi jini mpaka kifike angalau 37.5, na lazima ladha ya juniperi iwe ndiyo ya mbele. Lakini nyumbani kwangu na kwako vyote vinakaa kwenye kabati moja na vinanywewa na mjomba mmoja, kwa hiyo nimevipanga pamoja.

Juniperi yenyewe ni vitunda vidogo vya rangi ya bluu iliyokolea, vya vichaka vya nchi za baridi. Harufu yake? Pita kwa fundi seremala asubuhi anaporanda mbao ya paini, simama hapo mlangoni uvute pumzi. Ndiyo hiyo. Na ukiona chupa imeandikwa "London Dry", haina maana imetoka London. Ni aina ya utengenezaji: viungo vyote vinaingia wakati wa kukeneka, yaani pombe inapochemshwa na mvuke wake kupozwa, na baada ya hapo hairuhusiwi kutiwa utamu wa maana. Ndiyo sababu jini ukiilamba kavu inakukunja uso. Haikutengenezwa iwe tamu. Utamu unauleta wewe, na hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu, tunamwaga soda tamu mpaka juu halafu tunasema jini mbaya.

Jumapili nikaita watu watano, nikazifunga chupa zote gazeti, nikaandika A, B, C. Raundi ya kwanza, jini na toniki peke yake. Baba mdogo akanywa funda moja, akaitazama glasi, akasema, "We mtoto, hii si kwinini hii?"

Ni kwinini, baba. Uchungu wa toniki ni kwinini ileile, inatoka kwenye magome ya mti wa sinkona. Waingereza waliokuwa India karne ya 19 walikuwa wanainywa kwa ajili ya malaria, ikawashinda kwa uchungu, wakatia sukari, soda, ndimu na jini. Lakini msije mkaniambia mnajitibu. Marekani, kwa mfano, sheria inaruhusu miligramu 83 tu kwa lita ya toniki. Kidonge kimoja cha kwinini, kile kilichokuwa kinatupigisha kengele masikioni, kina miligramu 300. Piga hesabu: lita tatu na nusu na zaidi za toniki upate kidonge kimoja. Ukiwa na homa nenda kapime. (Halafu jaribuni hiki: ipeleke glasi ya toniki kwenye ile taa ya kukagulia noti bandia dukani. Inawaka bluu! Mwenye duka atakuuliza unakunywa nini, mwambie ni mimi nimekutuma.)

Kwenye toniki, watu wanne kati ya watano waliitambua Gordon's. Ile paini inajitokeza, haina pa kujificha. Gilbey's ikaja nyuma yake, laini kidogo. Shemeji yeye akaichagua Konyagi na akakataa kubadilisha hata nilipofungua gazeti. Ana mapenzi yake, tumwache.

Raundi ya pili nikachanganya na choya, ile juisi ya maua mekundu. Wapendwa, hakuna aliyejua lolote. Hata mimi niliyeandika herufi nilichanganyikiwa. Choya imefunika kila kitu. Kwa hiyo jibu la swali lenu nimelipata hapo: kama unakwenda kunywa na toniki, toa hela, nunua chupa nzuri. Kama unachanganya na matunda yetu makali, choya, pasheni, ukwaju, chupa ya kawaida inatosha, hela inayobaki kanunulie sato.

Sasa njooni karibu na kamera, niwaoneshe hiyo choya. Wengine mnaiita rozela. Haya maua makavu nimeyanunua sokoni Kirumba, na ukinunua chagua yenye rangi ya damu ya mzee, si ile iliyofifia kahawia, hiyo imekaa juani sana. Kikombe kimoja kwa lita moja ya maji. Tia kijiti cha mdalasini, karafuu nne. Nne! Karafuu ikizidi kinywaji kinanuka meno yaliyong'olewa. Chemsha dakika kumi, zima, tia sukari ikiwa bado ya moto, nusu kikombe hivi, funika ipoe yenyewe. Angalieni rangi hii kwenye mwanga. Hii ndiyo nyekundu ya Krismasi, hujatia rangi ya dukani hata tone.

Kwenye glasi: vijiko vitatu vya chakula vya jini. Kijiko cha chakula ni mililita 15, kwa hiyo ni 45. Choya iliyopoa, nusu ya glasi. Ndimu, kamulia robo tu, kwa sababu choya tayari ni kali. Kama huna sheka ya baa, chukua kopo la kioo la jemu lenye mfuniko unaobana. Tia vyote na barafu, tikisa. Sikilizeni... mnasikia mlio? Mwanzo unasikia mawe, baadaye unasikia kama mvua kwenye bati. Sekunde 15. Kopo likishatoka jasho na vidole vinauma, basi. Chuja kwa chujio la chai, ongeza maji ya soda juu, dondoshea kipande cha ganda la chungwa. Mmm. Samahani, saa nne na nusu. Hii naipa tisa kati ya kumi.

Moja niliyoiondoa ni kwa sababu ya barafu, na hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko mlivyonisikiliza kwenye chupa. Mwaka juzi nilimtuma mdogo wangu barafu. Akarudi na ndoo imejaa, anajisifu kaipata bei chee. Tumeshakoroga, wageni wameshashika glasi, mama mkwe anasema taratibu, "Hii ina sangara?" Barafu ya kuhifadhia samaki! Alikoitoa sisemi. Nilimwaga chupa nzima pale uani, na kuku wakashinda wanatembea upande upande.

Gandisha ya kwako. Chemsha maji, yapoe, mimina kwenye vibakuli, usigandishe vidongevidonge vile vidogo. Pande kubwa linayeyuka polepole kwa sababu sehemu inayogusana na kinywaji ni ndogo ukilinganisha na ukubwa wake. Siku ya siku unalifunga kwenye taulo safi unalipiga kwa mchi wa kinu. Na umeme ukikatika? Hotpoti. Ileile ya ugali. Kitu kinachozuia joto lisitoke kinazuia na joto lisiingie. Hii hapa nimeijaza tangu saa mbili, nafungua mbele yenu... mmeona? Maji kidogo tu chini. Ila ioshe na magadi kwanza kama ilikuwa na pilau.

Cha pili, nanasi na tangawizi. Nanasi la Geita, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu hivi, yanafika hapa bila kukaa foleni ya kivuko. Kata vipande vinene, weka juu ya jiko la mkaa mpaka sukari yake ianze kuungua pembeni, ile alama nyeusi ndiyo unaitaka. Kosa nililofanya mara ya kwanza ni kuchoma kwenye wavu uliotoka kuchomea samaki. Wavu mwingine, tafadhali, nyumba hii imeshachoka na kokteli za samaki. Ponda vipande viwili kwenye glasi, jini vijiko vitatu, ndimu nusu, barafu, halafu Stoney Tangawizi. Wenyewe baa wanaita mchanganyiko wa jini na soda ya tangawizi "gin buck", ni wa zamani sana, hilo nanasi la mkaa ndilo langu. Naipa saba, kwa sababu Stoney ni tamu na nanasi ni tamu, usipokuwa mkali na ndimu inakuwa juisi ya harusi.

Singapore Sling mliyoniomba: ile kokteli ya jini ya hoteli ya Raffles, Singapore, inayosemwa ilibuniwa na Ngiam Tong Boon mwaka 1915 hivi. Inataka brandi ya cheri, inataka Bénédictine, ile pombe tamu ya mitishamba, inataka hiki na kile. Mimi nina bajeti ya mbuzi. Tuendelee.

Ya maziwa nayo mnaiona hapa kwenye bakuli. Nilitaka kitu cheupe cha Krismasi, nikatia maziwa ya ng'ombe, jini, asali, halafu mkono ukateleza ukakamua ndimu kwa mazoea. Angalieni. Huu ni mtindi. Mimi Msukuma nifundishwe kutengeneza mtindi kwa jini? Sifuri.

Hesabu ya ununuzi, haraka. Chupa ya mililita 750 kwa vijiko vitatu kila glasi inatoa glasi 16. Wageni 12, glasi mbilimbili, ni 24, chupa moja na nusu. Na msiniletee habari za "ongeza kidogo". Mililita 45 za jini ya asilimia 40 zina pombe mililita 18. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina 25. Ukiweka vijiko sita zimekuwa 36, na kwa sababu choya inapita kama juisi, umemaliza karibu bia moja na nusu kabla nyama haijageuzwa upande wa pili. Waambie watu wa bodaboda wasubiri nje.

Usichanganye jini kwenye jagi. Hili ni kubwa. Kwenye sikukuu zetu kuna watoto, kuna majirani Waislamu, kuna Wasabato, na choya yenye jini na isiyo na jini zina rangi ileile. Jagi libaki choya tupu, ya wote. Jini inaingia kwenye glasi ya mtu mzima aliyeomba, kwa mkono wako.

Na chupa, kagua. Stempu ya kodi ipo na haijachanika, mfuniko unakatika "kra" ukifungua. Mimi nimewahi kufungua chupa, mfuniko ukazunguka tu kimyakimya kama wa chupa ya maji iliyojazwa upya. Nikaimwaga. Iliniuma, lakini pombe bandia ikiwa na methanoli huwezi kuijua kwa kunusa wala kuonja, na methanoli inapofusha macho.

Nilitaka kuishia hapo, ila kuna moja sikuipanga. Jumapili mvua ilipiga saa kumi, upepo ukaja kutoka ziwani, kila mtu akakimbilia ndani, na shangazi, yuleyule wa mganga, anasema glasi zote za barafu ni za watoto wa siku hizi, yeye anasikia baridi. Nikachemsha maji, nikatia asali ya Tabora kijiko kimoja, mdalasini, kipande cha limau, nikatoa motoni, ndipo nikatia jini vijiko viwili. Usiichemshe jini, pombe inapaa na harufu yake inakwenda nayo. Nikaitia kwenye kikombe cha chai chenye maua, maana yeye na glasi hawapatani. Akapuliza. Akanywa. Hakusema kitu. Akavuta kanga mabegani, akasogeza kikombe kwangu bila kuniangalia.

"Huyu jini," akasema, "amebaki?"