Uzoefu wangu na santuri za roki ya Kusini: "Hawa Wazungu wamejifunzia wapi sebene?"

Baba yangu ni mtu wa Morogoro, wa enzi zile mji ulipokuwa haulali kwa magitaa. Ukimpigia muziki asioujua, haulizi nani anaimba. Anauliza, "Solo nani?" Mwaka jana alikuja kukaa kwangu Dar es Salaam wiki tatu kwa ajili ya matibabu ya macho, nikamwekea santuri ya The Allman Brothers Band bila kumwambia ni akina nani. Alisikiliza upande mzima kikombe cha chai kikiwa mkononi, mpaka chai ikapoa. Kisha akageuka: "Hawa Wazungu wamejifunzia wapi sebene?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Nina dada anayeishi jimbo la Georgia, Marekani, na kila akija likizo ananibebea santuri mbili tatu, kazifungia kwenye nguo ndani ya begi. Playa yangu ni ya mtumba, nimeibadilisha sindano mara mbili. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu anayesikiliza sebuleni, jioni, umeme ukiwepo.

Kwa asiyejua: roki ya Kusini ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 katika majimbo ya kusini mwa Marekani kama Georgia, Florida na Carolina mbili, bluzi na kantri na roki vikiwa chungu kimoja. Kantri-roki ni binamu yake, ingawa yeye kakulia zaidi California, kwa vijana wenye nywele ndefu walioamua kuurudia muziki wa wazazi wao.

Nianze na ile iliyopoza chai. At Fillmore East ilirekodiwa mbele ya watu kwenye ukumbi wa jina hilo jijini New York, Machi 1971, chini ya mtayarishaji Tom Dowd, ikatoka Julai mwaka huohuo. Ni santuri mbili, nyimbo saba tu. Ndiyo, saba. Upande wa pili wote ni wimbo mmoja, na upande wa nne nao ni wimbo mmoja, "Whipping Post", dakika ishirini na tatu. Mtu aliyezoea nyimbo za dakika tatu atadhani anapunjwa. Aliyelelewa kwenye muziki wa dansi atajua mara moja yuko nyumbani: maneno ni kibali cha kuingilia tu, shughuli yenyewe inaanza waimbaji wakinyamaza.

Magitaa ni mawili, Duane Allman na Dickey Betts, na hakuna aliyewekwa kuwa wa ridhimu. Wanapiga solo pamoja, mmoja sauti ya kwanza na mwingine ya pili, kama dada wawili wanaoimba kwaya moja. Halafu wanaachana, mmoja anasema, mwingine anaitikia, wanakutana tena mbele. Nyuma yao kuna wapiga dramu wawili. Duane kwenye nyimbo nyingine anavaa kidoleni chupa ndogo ya kioo ya vidonge vya mafua na kuitelezesha juu ya nyuzi, gitaa linalia kama mtu. Mdogo wake, Gregg, yuko kwenye ogani, na ana sauti ya mzee wa miaka sitini ilhali alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Baba alikwama kwenye mwanzo wa "Whipping Post". Besi inaanza peke yake, nzito, na yeye akaanza kugonga meza kuitafuta. Akahesabu, akapotea. Akaomba nirudishe sindano. Akahesabu tena kwa vidole. "Wanaiba moja," akasema. "Kila nikifika kumi na mbili wenyewe wameshageuka." Na ni kweli, mapigo ni kumi na moja. Tulirudia sehemu ile mara nne usiku ule, mpaka mke wangu akaja kuuliza kama santuri imekwaruzika.

Nilipomweleza kwamba Duane alikufa kwa ajali ya pikipiki mjini Macon, Georgia, tarehe 29 Oktoba 1971, haijafika hata miezi minne baada ya santuri hii kutoka, akiwa na miaka 24, Baba alikaa kimya. Kisha akasema, "Kama Mbaraka." Kwa watu wa Morogoro hilo halihitaji maelezo, lakini kwa vijana: Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo wetu, alikufa Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Sikumwambia habari ya Berry Oakley, mpiga besi ileile iliyomsumbua kuihesabu. Naye alikufa kwa pikipiki, Macon hiyohiyo, Novemba 1972, na miaka 24 hiyohiyo. Niliona usiku umetosha.

Sasa bidhaa yenyewe. Santuri niliyo nayo ni toleo jipya, jalada la kufungua kama kitabu: mbele wanamuziki wamekaa mbele ya masanduku ya vyombo wanacheka, nyuma ni mafundi na wabebaji wa vyombo. Nimewapenda kwa hilo. Ni bendi ngapi zinaweka wabeba spika kwenye jalada? Sauti ni safi, dramu moja unaisikia kushoto na nyingine kulia ukikaa vizuri. Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu katika zote nitakazotaja, chukua hii.

Tahadhari kwa Eat a Peach, iliyofuata mwaka 1972. Muziki ni mtamu, lakini kuna wimbo wa dakika thelathini na tatu ambao kwenye santuri umekatwa katikati, nusu upande wa pili, nusu upande wa nne. Ilikuwa kwa ajili ya playa za zamani zilizopanga santuri juu ya nyingine na kuziangusha zenyewe. Kwa playa yangu ina maana ya kuinuka sebene likiwa limechemka, nitoe sahani, niweke nyingine. Hii inunue kwenye CD, au isikilize kwa simu. Brothers and Sisters ya 1973 ndiyo nampa mgeni aanze nayo: ina kantri zaidi, nyimbo fupi zaidi, na ule wa ala tupu ambao Betts aliupa jina la bintiye mdogo, Jessica.

Lynyrd Skynyrd sasa, na hapa nina ugomvi kidogo. Hawa ni vijana wa Jacksonville, Florida, waliojiita kwa kupotosha makusudi jina la mwalimu wao wa michezo, Leonard Skinner, aliyekuwa akiwasumbua kwa nywele ndefu. Albamu yao ya kwanza ya 1973, iliyotayarishwa na Al Kooper, nililetewa mara mbili. Ya kwanza niliiagiza mtandaoni kwa muuzaji wa mitumba, ikafika imepinda kama chapati iliyoachwa juani. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka mpaka unahisi kichefuchefu. Fedha haikurudi. Ya pili alinunua dada kwa mkono wake dukani, akaikagua kwenye mwanga. Fanyeni hivyo.

Ni albamu nzuri, tena nzuri sana. Ronnie Van Zant anaimba kama mtu anayekusimulia jambo kibarazani, maneno rahisi, hana haraka. "Simple Man" ni nasaha ya mama kwa mwanawe, na mzazi yeyote wa Kiswahili atautambua usia huo. "Free Bird" unafunga santuri kwa dakika tisa: nusu ya kwanza ni huzuni, nusu ya pili ni Allen Collins anakimbia na gitaa kama basi la usiku limekosa breki. Wenyewe Marekani wameuchosha kwa kuuomba kila tamasha, hata la bendi nyingine. Mimi sijauchoka.

Ugomvi wangu ni bendera. Kwa miaka mingi bendi hii ilipiga ikiwa na bendera ya yale majimbo yaliyojitenga na kupigana vita ili watu weusi waendelee kuwa watumwa. Dada yangu, anayeishi hukohuko, alinunua santuri lakini akaniambia fulana yenye bendera hiyo hataniletea hata nikimlipa. Namuelewa. Allman Brothers walitoka Kusini hiyohiyo na mmoja wa wale wapiga dramu wawili, Jaimoe, ni Mmarekani mweusi aliyewahi kumpigia mwimbaji wa soul Otis Redding. Na Duane mwenyewe alianza kujulikana akiwapigia waimbaji weusi kama Wilson Pickett kwenye studio za Muscle Shoals, Alabama. Kwa hiyo sikubali hoja ya kwamba "ndivyo Kusini ilivyokuwa". Nasikiliza Skynyrd, lakini naisikiliza nikiwa macho.

Albamu yao Street Survivors ninayo pia, na siipigi mara kwa mara. Ilitoka tarehe 17 Oktoba 1977. Siku tatu baadaye ndege yao iliishiwa mafuta na kuanguka Mississippi, akafa Van Zant, Steve Gaines na dada yake Cassie, na wengine watatu. Jalada la kwanza liliwaonyesha wamesimama kwenye ndimi za moto. Likabadilishwa.

Upande wa kantri-roki nina mtu mmoja tu wa kumsemea: Gram Parsons, mzaliwa wa Florida aliyekulia Waycross, Georgia. Mwaka 1968 aliingia kundi la The Byrds na kuwavuta mpaka Nashville, makao ya kantri, kurekodi Sweetheart of the Rodeo, albamu ya kantri kabisa ambayo mashabiki wao hawakuielewa. Hata kabla haijatoka akawa ameshawaacha, akisema haendi kupiga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Wapo wenzake waliodai alitaka tu kubaki London na rafiki zake wa Rolling Stones. Inawezekana. Lakini wao walikwenda, yeye hakwenda.

Aliyoifanya baadaye na The Flying Burrito Brothers, The Gilded Palace of Sin ya 1969, ndiyo naipenda zaidi. Kwenye jalada wamevaa suti za kung'aa za waimba kantri, ila ukisogea karibu unaona ya Parsons imetariziwa majani ya bangi na vidonge. Gitaa la stili, lile linalolazwa mbele ya mpigaji na kuvutwa kwa pedali, limepitishwa kwenye mtambo wa kukwaruza sauti mpaka linanguruma. Rafiki yangu wa Nakuru, aliyekua kwa Jim Reeves na Kenny Rogers kama Wakenya wengi, aliisikia akataka kuondoka nayo. Allman Brothers, hapana. "Hao wanazunguka sana," alisema, "hawafiki." Parsons alikufa Septemba 1973, hana hata miaka 27.

The Marshall Tucker Band wa Spartanburg, South Carolina: albamu yao ya kwanza ya 1973 ina filimbi ndani ya roki, na haikeri. Nunua ukiiona kwa bei rahisi. Desperado ya Eagles nimeiuza. Imepangwa vizuri, sauti zimelingana kama meno ya sega, na mimi nikasinzia.

Baba aliondoka na flashi. Alikataa nyingine zote, akataka upande wa tatu na wa nne wa ile ya Fillmore. Kama mwezi hivi baadaye akapiga simu saa nne usiku, nikashtuka, nikadhani kuna msiba.

"Nimeipata," akasema. "Ni tatu, tatu, tatu, halafu mbili. Waambie hawajaiba."