QEMU kwa programu za zamani: saa ya risiti pale Mwaloni

Nianze na hukumu: nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozisema. Ila kama una programu ya MS-DOS, ule mfumo wa kompyuta wa zamani, inayochapa muda kwenye risiti na bado inakulisha, wekeza muda wako kwenye QEMU (emuleta, yaani programu inayoigiza kompyuta nzima) inayotumia KVM (sehemu ya Linux inayoendesha kompyuta za kuigizwa) juu ya Linux, na usihangaike kwingine.

Mteja wangu ni mama mnunuzi wa dagaa na sangara pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Programu yake ya kupimia na kulipa ni ya enzi za DOS, aliyeiandika hapatikani tena, na ndani yake yamelala madeni ya wavuvi kuanzia Ukerewe mpaka Kome. Kompyuta ya zamani ilipokufa, fundi aliyenitangulia aliihamishia kwenye emuleta fulani, siitaji jina. Kwa michezo ni nzuri tu. Risiti zikaanza kubaki nyuma. Msimu wa giza, mitumbwi inaposhusha dagaa kwa mkupuo, bei ya saa 12 asubuhi na bei ya saa 4 ni vitu viwili, na shahidi ni risiti. "Fundi, huyu nimempimia jua limeshatoka," aliniambia akinisogezea karatasi, "hapa panasema bado usiku. Akinigeuka nitamjibu nini?"

Chanzo ni hiki. DOS huisoma saa ya betri inapowaka tu. Baada ya hapo inahesabu mapigo ya taima, ile chipu ya Intel 8253 au 8254, inayopokea mawimbi 1,193,182 kwa sekunde na kuyagawa kwa 65,536. Yanatoka mapigo 18.2 kwa sekunde, na kila pigo linaikatiza prosesa kupitia laini ya maombi iitwayo IRQ 0 ili kaunta ipande moja. Siku nzima ni mapigo 1,573,040. Sasa, ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa, hakuna chipu. Kuna programu inayoiigiza, na yenyewe inasubiri zamu kama programu nyingine zote za kompyuta mwenyeji. Mwenyeji akibanwa kwa milisekunde 200, mapigo matatu yameshapita, lakini kidhibiti cha intarapti (makatizo hayo) kinakumbuka ombi moja tu kwa kila laini. Matatu yanahesabiwa moja. Ukipoteza pigo moja katika kila 100, jioni hujui, lakini kwa saa 24 umeachwa nyuma dakika 14 na ushee.

Hapo ndipo QEMU inapolipa. Ukiiwasha na KVM, taima inaigizwa ndani ya keneli (moyo) ya Linux yenyewe, na keneli inaweka daftari la mapigo yaliyokwama. DOS ikishakiri kwamba imepokea pigo moja, linalofuata linasukumwa, mpaka deni liishe. Hiyo ndiyo hali ya kawaida, huhitaji kuiomba. Kwenye mipangilio inaitwa kvm-pit.lost_tick_policy=delay. Ukiandika discard badala yake, yaliyopotea yamepotea. Kwa duka, acha delay.

Usisahau -rtc base=localtime. Bila hiyo QEMU inampa mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, saa ya UTC, ile ya kimataifa, na sisi tuko saa 3 mbele yake, kwa hiyo mteja wa saa 4 asubuhi anapewa risiti ya saa 1. Nimeona watu wakilaumu taima kwa kosa hili, kumbe saa yao inakwenda sawasawa kabisa, ila imeanzia pasipo pake.

Kupima nilitumia amri ya TIME, simu ikiwa pembeni. Ukiirudia rudia utaona sehemu za mia za sekunde haziendi moja moja. Zinaruka tano, mara sita: .05, .11, .16, .22. Huo ni urefu wa pigo moja, milisekunde 55 hivi, na usidhani ni ubovu. Kisha nikamzidishia mwenyeji kazi makusudi, nikanakili mafaili makubwa huku video inacheza. Saa ya DOS ikasita, ikafukuza, ikafika ilipo simu.

Kufukuza huko ndiko kunakoninyima raha. Deni likilipwa kwa mpigo mmoja, programu inayohesabu mapigo ili kuisubiri mizani iliyounganishwa kwa waya wa siriali inadhani sekunde mbili zimekwisha kumbe bado, inaandika kwamba mizani haijibu. Dawa haiko kwenye taima, iko kwa mwenyeji: zima usingizi wa kompyuta, mtengee mgeni kiini chake cha prosesa, na kunakili akiba kufanyike usiku. Pia DOS haijui kupumzika; inakula kiini kizima hata ikiwa kimya, feni inalia kutwa. Weka FDAPM, kiprogramu cha kuipumzisha prosesa kutoka FreeDOS (DOS ya bure), itulie. Na hayo majina ya mipangilio! Delay, discard, slew, yametawanyika kila mahali na hakuna dirisha la kubofya. Mama yule hawezi kuigusa peke yake. Nimemwekea kitufe kimoja kwenye skrini, basi.

Wenye Windows XP wanaoona saa ikichelewa, taima yenu mara nyingi ni ile ya RTC (saa ya betri), kwa hiyo ongezeni driftfix=slew kwenye -rtc, nayo itarudisha mapigo yaliyokosekana. Mnaotaka michezo au muziki unaoisukuma taima mpaka mapigo 1,000 kwa sekunde, nendeni 86Box, emuleta nyingine. Ile mwenyeji akishindwa inapunguza mwendo wa mashine nzima, prosesa na taima pamoja, kwa hiyo wimbo unavutika lakini haurukiruki. Kwa risiti haifai. Itachelewa kwa adabu, lakini itachelewa.