Jumapili tatu katika kanisa la kipentekoste, Mtwara mjini: tathmini ya mgeni

Nimelelewa katika Kanisa la Kilutheri huko Moshi, ambako ibada ina kurasa na mgeni akipotea anamchungulia jirani kitabu. Nilipohamia Mtwara kikazi mwezi wa Juni, mikorosho ikianza kutoa maua, mama mwenye nyumba wangu alinialika kanisani kwake, nami nikaenda Jumapili tatu mfululizo. Kanisa lenyewe sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko mawili juu yake.

Ibada ilianza saa tatu asubuhi kwa kipindi cha sifa kilichochukua zaidi ya saa nzima, watu wote wakiwa wamesimama, chini ya paa la bati na mbele ya spika ambazo zingetosha harusi ya uwanjani. Ushauri wangu kwa mgeni ni kwamba aketi safu za nyuma upande wa dirishani, kwani ndipo maneno ya wimbo yanaposikika.

Mahubiri ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Mchungaji hakukaa mimbarini; alishuka, akapita katikati ya viti, taulo dogo begani, na kila baada ya hoja akaagiza, “Mwambie jirani yako: umevuka!” Jirani yangu, mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe iliyonyooshwa vizuri, alinigeukia na kunitangazia kwamba nimevuka. Nilimjibu kwa kunong’ona. Akacheka, akanishika mkono na kusema, “Sema kwa sauti, mwalimu, nisikie na mimi.” Jumapili ya pili nilitambua kwamba sisi nasi hujibizana na mchungaji tangu mwanzo hadi mwisho wa liturgia, ila majibu yetu yamechapwa, na yao huitwa papo hapo.

Maombi ya wote kwa pamoja, kila mmoja akitaja yake kwa sauti, mwanzoni yalinifikia kama soko la samaki la asubuhi. Nilipozoea, niliona kwamba ndani ya kelele ile hakuna anayekusikia, na mtu anaweza kumwambia Mungu mambo ambayo katika ukimya wa kanisa letu, ambako hata kikohozi kinageuza vichwa, angeyameza.

Malalamiko ya kwanza ni kunena kwa lugha bila mfasiri. Jambo hili si geni katika uamsho wa kipentekoste, ambao wengi huuhusisha na mikutano ya mwaka 1906 katika mtaa wa Azusa, Los Angeles. Lakini Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anamfikiria mgeni hasa, akiuliza ataitikaje “Amina” ikiwa hajui kilichosemwa, na anaagiza kwamba asipokuwapo mfasiri, mnenaji anyamaze. Hapakuwa na aliyefasiri kwa Jumapili zote tatu. Malalamiko ya pili ni sadaka: tuliitwa mbele mara tatu, kwa fungu la kumi, kwa sadaka ya kawaida na kwa ujenzi, na mara ya tatu nilikuwa nimebaki na nauli ya bajaji tu. Kusimamishwa kwa wageni ili watajwe na kuimbiwa sikulalamikii, ingawa magoti yalitetemeka.

Ili nisiwaonee, nilikwenda pia Masasi kusali na Waanglikana, ambao kanisa lao huko ni zao la UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, iliyofika mwaka 1876 na kuacha desturi za ubani, kengele na kupiga magoti. Kwangu Mlutheri, chetezo kile kilikuwa kigeni sawasawa na spika za Mtwara. Tofauti ni kwamba mzee wa kanisa alikuja kuketi kando yangu bila kuombwa, akafungua kitabu, na kidole chake kikatembea nami mstari kwa mstari hadi baraka ya mwisho.

Kule Mtwara kidole hicho nilikipata Jumapili ya tatu, tena si kwa utaratibu wa kanisa, bali kwa hisani ya mama mwenye nyumba, ambaye aliniinamia kila kipindi kilipobadilika: “Sasa ni maombezi, mwanangu, ukitaka keti tu.” Siku hiyo nilikaa hadi mwisho bila kutazama saa. Ibada ilifungwa saa nane kasorobo, na maharage niliyoyaacha kwenye jiko la mkaa yalikuwa yameungua.